Presha ndogo ya petroli kwenye ndege ya kujiundia: geji inasema nini hasa

Presha ya petroli ni msukumo ambao petroli inakuwa nao inapofika kwenye kabureta au kwenye mfumo wa kupulizia. Ikishuka chini ya kiwango alichoweka mtengenezaji wa injini, ndiyo tunayoiita presha ndogo. Kiwango chenyewe, kinachopimwa kwa psi au bar (vipimo vya presha), hutofautiana sana. Injini ya Lycoming O-360 ya kabureta inatosheka na psi 0.5 hadi 8. Ndugu yake ya kupulizia, IO-360, haitaki chini ya psi 14. Injini ya Rotax 912 ya kabureta inaanzia bar 0.15, sawa na psi 2.2 hivi.

Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba geji yake inasoma psi 1, mwulize kwanza ana injini gani na matangi yake yako wapi. Safu ya petroli yenye kimo cha mita 1 inazaa takriban psi 1 tu. Ndege yenye mabawa juu, inayoteremsha petroli kwa uzito wake hadi kwenye O-360 bila pampu, itasoma hivyo na haina ugonjwa wowote. Rotax yenye pampu ikisoma hivyo, ndege ibaki chini.

Jambo ambalo ningependa kila mjenzi alishike ni kwamba presha na mtiririko ni vitu viwili. Pampu ya injini huwa na diaframu, yaani utando unaonyumbulika: mkono unaosukumwa na injini unaivuta, springi inairudisha. Nguvu ya springi ndiyo inayoweka presha. Sindano ya kabureta, ile inayoruhusu au kuzuia petroli kuingia, ikifunga, petroli haiendi popote, diaframu inatulia, na geji inaonyesha presha nzuri hata kama chujio limeziba nusu. Ukifungua mafuta yote kwa ajili ya kuruka, ndipo upungufu unapojitokeza. Presha nzuri injini ikiwa inaunguruma taratibu haijathibitisha kitu.

Ndiyo maana mtiririko hupimwa. Rotax 912 ULS, mojawapo ya matoleo ya 912, hunywa kama lita 27 kwa saa wakati wa kuruka. Kanuni za Marekani kwa ndege ndogo za kiwandani, kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, zilitaka mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mahitaji ya injini wakati wa kuruka, na mfumo wa petroli kuteremka kwa uzito wake asilimia 150. Mjenzi wa nyumbani naye afanye hivyo hivyo. Kwa ULS yenye pampu ni karibu lita 34 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya nusu lita kwa dakika. Petroli ibaki kidogo tangini, pua iinuliwe kama ndege inayopanda, mpira wa petroli ufunguliwe kwenye kabureta, pampu ya umeme iwashwe, petroli ikingwe kwenye chombo chenye vipimo huku saa ikihesabu. Fanyia nje, ndege na chombo viunganishwe kwa waya ili kusiruke cheche ya umeme tuli, na kizima moto kiwe mkononi.

Kabla ya kulaumu pampu, ihoji geji. Sensa nyingi hupata hasi ya umeme kupitia mwili wake wa chuma. Ukiifunga kwenye mpira, au ukazungushia tepu ya tefloni kwenye nyuzi zake, hasi inapotea na usomaji unakuwa wa uongo. Weka tii (kiungo cha njia tatu) kwenye njia ya petroli, funga geji ya kawaida isiyotumia umeme, linganisha. Mpaka ujue ipi inasema kweli, usiruke.

Geji ikiwa kweli, washa pampu ya umeme. Presha ikirudi vizuri, pampu ya injini imechoka au inavuta hewa. Isiporudi, tafuta karibu na tangi, kabla ya pampu zote mbili: kichujio, koki, mpira uliokunjika, tundu la hewa la tangi. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga kwenye tundu hilo. Likiziba, tangi linajifanyia ombwe na petroli inagoma kutoka. Ukifungua mfuniko baada ya injini kufanya kazi na ukasikia hewa ikifyonzwa ndani, umeshapata jibu.

Kinachosumbua watu zaidi ni uvujaji upande wa kuvuta. Kwenye ndege yenye mabawa chini, pampu iko juu ya matangi, hivyo bomba lote linalotoka tangini liko kwenye mvuto. Kiungo kilicholegea hapo hakidondoshi petroli, kinaingiza hewa, kama mrija wa soda wenye ufa. Unaweza kukipangusa kwa kitambaa cheupe ukakikuta kikavu, ilhali ndicho kinachokuangusha. Mvuto huohuo, ukiongezwa joto la injini, huchemsha petroli ndani ya bomba ikawa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Petroli ya magari hupata tatizo hili mapema kuliko ya ndege. Dawa yake ni kusogeza bomba mbali na ekzosi, kulivika soksi ya kuzuia moto, kupeleka hewa baridi kwenye pampu, na kuweka pampu ya umeme chini, karibu na tangi.

Wenye Rotax 912 waangalie pia bomba la kurudisha petroli tangini. Lina kitundu chembamba kuliko nusu milimita, ambacho kazi yake ni kuruhusu mvuke urudi bila kumaliza presha. Mjenzi akikisahau, petroli nyingi inarudi ilikotoka. Mipira nayo, kwa maelekezo ya Rotax, hubadilishwa kila baada ya miaka 5, hata kama kwa nje inaonekana mipya.

Kwenye Lycoming, chungulia kibomba cha kumwagia kilicho kwenye pampu ya injini. Petroli ikidondoka hapo, diaframu imepasuka na pampu ibadilishwe bila mjadala. Vuta pia kijiti cha oili ukinuse: oili ikinuka petroli, usiwashe injini tena mpaka pampu na oili vyote vibadilishwe.