Kutoka Luano kwenda mbali: tazama kwanza kipande kifupi

Juma lililopita mama mmoja anayeuza vitambaa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliingia ofisini kwangu ninakokatia watu tiketi za ndege, simu mkononi, uso umekunjamana. Kwenye simu kulikuwa na safari ya Lubumbashi hadi Guangzhou, na bei yake ilikuwa chini ya ile niliyompa kwa dola 210. "Papa, mbona kwako iko bei ya juu?"

Niliichukua simu nikaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, kama ilivyo desturi yangu. Bei huandikwa juu kwa herufi kubwa, na mambo mengine yote yamejificha chini. Zilikuwa tiketi mbili zilizobandikwa pamoja: moja ya kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, hadi Johannesburg, nyingine ya kutoka Johannesburg hadi China kupitia Ghuba. Katikati, saa mbili na dakika kumi. Nikamuuliza, "Mama, viza ya Afrika Kusini uko nayo?" Hakuwa nayo. Tiketi zikiwa mbili namna hiyo, mara nyingi inabidi uingie nchini, uchukue masanduku yako kwenye mkanda, utoke nje, upange foleni upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Bila viza, safari yake ingeishia kwenye dirisha la uhamiaji. Na kwa kweli isingefika hata huko, maana wangemzuia hapa hapa Luano.

Mwaka huu ni wa 17 tangu nianze kukatia watu tiketi mjini hapa, na bado naulizwa yale yale: ni Boeing au Airbus? Viti vikoje? Wanatoa chakula gani? Hayo ni maswali juu ya kipande kirefu cha safari, na kipande kirefu mara chache kinanipa shida. Ndege za kwenda Dubai, Paris au Guangzhou ni nyingi, na ukiikosa ya leo kuna ya kesho, pengine hata ya usiku huu kwa shirika lingine. Mimi naanza na kile cha saa mbili hadi nne kinachounganisha Luano na uwanja mkubwa. Ndege zake ni chache, si zote zinazoruka kila siku, na kikiteleza kinaivuta safari nzima. Nikishapata kipande kifupi kizuri, kirefu nakipanga nyuma yake.

Tuchukue Addis Ababa, maana ndiyo njia ninayoiuza zaidi. Pale Bole, uwanja wa ndege wa mji huo, ndege za shirika la Ethiopian hukusanyika kwa mawimbi. Jioni zinaingia zile za miji ya Afrika, usiku zinaondoka za Ulaya, Asia na Amerika. Alfajiri zile za mbali zinarudi, na asubuhi za Afrika zinatawanyika tena. Mpango huo ndio unaowezesha mtu wa Lubumbashi afike Guangzhou kwa kubadilisha ndege mara moja tu. Lakini ukikosa wimbi lako, unasubiri wimbi lingine. Kwenda si kitu. Kurudi ndiko kunakouma, kwa sababu unazozisubiri sasa ni zile ndege chache za Luano. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza: kutoka kitovu chako, yaani uwanja mkubwa unapobadilishia ndege, hadi Lubumbashi, ndege ziko siku ngapi kwa juma, na ni siku zipi?

Kompyuta itakuuzia nafasi ya kubadilisha ndege kwa muda mfupi kabisa ambao uwanja unauruhusu. Haijui mvua yetu ya Januari, wala haijui kwamba ndege fulani inagusa mji mwingine kwanza kabla ya kufika kitovuni. Mimi sikati chini ya saa mbili wakati wa kwenda, na wakati wa mvua napenda tatu. Wateja wananuna. Kusubiri kirefu nako si lazima kuwe adhabu: kuna mashirika yanayolipia hoteli ukisubiri saa nyingi na hakuna ndege ya mapema zaidi, na Ethiopian wana hoteli yao wenyewe karibu na uwanja, Skylight, iliyofunguliwa 2019. Lakini masharti yapo. Yanategemea aina ya tiketi na viza, kwa hiyo hoteli iombwe wakati wa kukata tiketi, usingoje ufike saa sita usiku ndipo uanze kubishana kaunta.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wanaokwenda Marekani. Bole iko juu ya mita 2,300, na hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege iliyojaa watu na mafuta ya safari ndefu hupata taabu kuruka. Ndiyo maana kwa miaka mingi ndege ya Addis kwenda Washington ilitua njiani kuongeza mafuta, Dublin au Lomé, na wakati wa kurudi ikaja moja kwa moja. Mteja anakuja kunishtaki kwamba nilimdanganya.

Sasa habari ya tiketi moja au mbili, na hapa naomba msomaji atulie. Tiketi ya ndege ina namba yenye tarakimu 13, na tatu za kwanza zinasema ni ya nani: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 235 Turkish, 082 Brussels Airlines. Safari yako yote ikiwa chini ya namba moja, hata kama ndege ni za mashirika mawili, kipande cha kwanza kikichelewa ni kazi yao kukufikisha mwisho. Namba zikiwa mbili, wa kwanza atasema amekufikisha alikoahidi, wa pili atasema hukutokea. Wote wawili watakuwa na haki, na wewe utakuwa umekaa juu ya sanduku lako. Watu wengi hawajui kwamba unaweza kulipa mara moja, kwenye tovuti moja, ukapewa karatasi moja, kumbe ndani yake kuna tiketi mbili. Hesabu namba.

Njia ya Kinshasa ndiyo inayowanasa wengi kwa mtego huo. Mashirika yote yaliyosajiliwa Kongo yamezuiwa kuruka Umoja wa Ulaya tangu 2006, kwa hiyo anayekupeleka Brussels au Paris kutoka N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, ni shirika la kigeni, na kipande cha Luano hadi N'djili mara nyingi unakinunua peke yake. Tangu Desemba 2024 kuna Air Congo, ubia wa serikali na Ethiopian, na hilo limeongeza viti kwenye njia hiyo. Hata hivyo, anayepitia Kinshasa kwa tiketi mbili namwambia alale kule usiku mmoja. Ana shangazi Kinshasa? Basi vizuri, akamsalimie.

Halafu kuna wale wanaoniambia, "Ndugu, mimi nitapita Kasumbalesa," yaani mpaka wetu na Zambia. Wanaenda kupanda ndege Ndola, au wanaendelea hadi Lusaka ambako Emirates na Qatar wanafika. Kwenye karatasi bei inapendeza. Nakubali kwamba kwa mwenye gari la kampuni, dereva na hati za Zambia zilizokamilika, njia hiyo inafaa, na nimeiuza. Lakini hadi Ndola ni zaidi ya kilomita 200, katikati kuna mpaka wenye msururu wa malori ya shaba, na mpaka haujui saa ya ndege yako. Agosti 2024 Zambia iliufunga siku chache, katika mzozo uliotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka kwao. Fikiria umekosa ndege ya Dubai kwa sababu ya soda! Ongeza gari, ongeza hoteli, ongeza siku mbili za kazi, kisha uniambie tofauti ya bei imebaki kiasi gani.

Kuhusu viza ya kupita nitasema kwa urefu, maana nimeona machozi. Pasipoti yetu ya Kongo iko kwenye orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza hata kwa kupita tu ndani ya uwanja wa ndege katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, bila kukanyaga nje. Paris, Brussels, Frankfurt, yote sawa. Uingereza nayo ina sharti la namna hiyo. Kijana mmoja alikuwa anakwenda kusoma Tunisia na alikuwa amejinunulia tiketi mwenyewe, kupitia Paris, kwa sababu ilikuwa rahisi. Wakamrudisha kwenye kaunta ya Kinshasa. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa pale: abiria akifika bila hati, shirika ndilo linalotozwa faini na kumrudisha, kwa hiyo wafanyakazi wanakagua kwa ukali. Angepitia Istanbul au Addis, asingeulizwa hiyo viza ya Schengen.

Lakini sheria hiyo ina mlango. Mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani kwa kawaida hahitaji ile ya kupita Schengen. Kwa hiyo familia inayokwenda Montréal ikiwa na viza zake za Kanada inaweza kupitia Brussels, na jirani yao anayekwenda Tunis hawezi. Safari mbili zinaanzia N'djili, ndege ni ile ile, jibu ni tofauti. Ndiyo maana nauliza pasipoti kabla ya kuuliza tarehe.

Kurudi kutoka Ulaya kuna faida ambayo wengi wanaiacha mezani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Ulaya, shirika liwe la huko au la Afrika. Mwaka 2018 mahakama yao iliamua kesi ya abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca: safari iliyokatwa pamoja ihesabiwe kuwa moja, hata ucheleweshaji ukitokea nje ya Ulaya. Kwa hiyo ukitoka Brussels kwa tiketi moja ukakosa ndege ya Luano pale kitovuni, ukafika umechelewa saa tatu au zaidi, unaweza kudai hadi euro 600, isipokuwa wathibitishe sababu isiyozuilika, kama hali mbaya ya hewa. Kwa kwenda, ukiwa na shirika lisilo la Ulaya, kanuni hiyo haikuhusu. Tunza kadi ya kupandia ndege. Watu wanaitupa kwenye pipa la Luano kabla hata ya kumkumbatia mke.

Mizigo, sasa. Wafanyabiashara wetu wanaenda wepesi, wanarudi wazito, kwa hiyo soma ruhusa ya kurudi. Mapande mawili ya kilo 23 si sawa na kilo 46 kwenye sanduku moja, na pande lolote lenye zaidi ya kilo 32 kwa kawaida halipokelewi kabisa, hata ukilipa. Pande la ziada linunuliwe mapema, kaunta ni ghali. Na kile kipande kifupi kinarudi tena hapa: ndege ya mwisho ya kuja kwetu mara nyingi ni ndogo kuliko ile uliyotoka nayo mbali, na tumbo lake likijaa, masanduku mengine yanabaki kusubiri. Likichelewa lako, usitoke uwanjani bila karatasi ya taarifa. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, sanduku lililoharibika linadaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Habari ya viti, filamu na maili za kukusanya sina mengi. Anayesafiri mara moja kwa mwaka asibabaishwe na maili.

Jambo moja la kwetu peke yetu: majina. Sisi tuna jina la ukoo, jina la pili la kiasili, na jina la ubatizo, na fomu za mashirika zina nafasi mbili tu. Mmoja anaweka jina la pili pamoja na la ukoo, mwingine pamoja na la ubatizo, na kaunta wanakataa. Usibahatishe. Fungua pasipoti, tazama ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Yaliyo kabla ya alama mbili zinazofuatana ni jina la ukoo, yaliyo baada yake ni mengine. Nakili hivyo hivyo. Na saa nayo: tiketi ikisema tarehe 14, 00:40, ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, basi uende uwanjani jioni ya tarehe 13. Kila mwaka kuna mtu anayefika siku nzima baadaye, amechana nywele vizuri, ameaga kanisa zima.

Mama wa Kamalondo alirudi Ijumaa. Tulichukua Addis, tiketi moja, kusubiri saa nne kwenda na tano kurudi, mapande mawili hadi Luano. Alizihesabu noti zake polepole, akazihesabu tena, akanisukumia mezani. Nikadhani sasa ataniuliza juu ya mizigo.

"Papa, ya dirishani iko?"

Iko, mama. Safu ya 34.