Skana imesoma sifuri, valvu haijafa

Wiki hii pekee wameshakuja watatu hapa gereji Kizota, Dodoma, kila mmoja na picha ya skrini ya skana (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari) kwenye simu. "Fundi, valvu ya sailensi imekufa, inasoma sifuri. Nitafutie nyingine." Valvu ya sailensi ndiyo inayopitisha hewa injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta. Nimechoka kuona watu wanatoa hela kwa ajili ya kifaa kisichoumwa.

Wanaamini ile namba inapima uzima wa valvu, kama kipimajoto kinavyopima homa. Sivyo kabisa. Kwenye valvu ya mota ya hatua (mota inayosogeza hatua kwa hatua sindano inayofungua na kufunga njia ya hewa), hakuna sensa inayorudisha taarifa kwamba sindano imefika wapi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huisukuma sindano mpaka ikalie kiti chake, hapo inapaita sifuri, kisha inahesabu: nimeagiza hatua 10, nimeagiza 30. Skana inakusomea hayo maagizo tu. Valvu iliyoganda kwa masizi inaweza kusomeka 40 vizuri kabisa na haijasogea hata unywele.

Namba hiyo isome kama malalamiko ya kontroli boksi. Ikiwa sifuri au karibu na sifuri na injini bado inazunguka juu, boksi inasema: nimefunga hewa yote niliyoweza kufunga, na bado inaingia. Basi tafuta inapoingilia: mpira uliopasuka, gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), skrubu ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) iliyochezewa. Ikiwa juu sana na injini inataka kuzima, boksi inaomba hewa haipati, au kuna silinda haichomi na inajaribu kuibeba.

Kuna Pajero ya petroli ililetwa kutoka Kondoa. Mwenyewe, mzee mpole sana, alikuwa ameshanunua valvu mbili za mtumba. Sailensi mizunguko 1,400 kwa dakika, valvu hatua 2. Nyuma ya manifodi nikapapasa mpira mwembamba kama kidole cha mwisho, umekakamaa kwa joto na kupasuka kwenye kona, upande wa chini ambako jicho halifiki. Nikauziba kwa dole gumba. Muungurumo ukashuka, namba ikapanda taratibu: 2, 9, 17, 26. Mizunguko ikakaa 750. Mzee akatazama simu, akanitazama mimi. "Kumbe mpira?" Mpira, mzee wangu. Kipande cha mpira na klipu mbili, na zile valvu mbili zote zilikuwa nzima.

Wengine huniletea kodi ya hitilafu P0505 iliyotoka kwenye skana na kusema imetaja valvu. Haijataja. Inasema udhibiti wa sailensi una hitilafu. P0506 ni mizunguko kuwa chini kuliko inavyotarajiwa, P0507 kuwa juu. Kutafuta sababu ni kazi yetu.

Wengine husema: "Programu yangu ya skana haioni valvu, kwa hiyo waya umekatika." Hapana. Data za kawaida za OBD (mfumo wa gari kujipima wenyewe, ambao skana husoma) zina mizunguko, joto la maji, mfunguko wa throto na kadhalika. Hatua za valvu ni data za mtengenezaji mwenyewe, zinahitaji programu inayolijua gari hilo. Toyota nyingi zenye valvu ya kuzunguka huonyesha asilimia, na asilimia 35 si hatua 35. Gari lenye throto ya umeme, inayofunguliwa na mota badala ya kebo, kwa kawaida halina hata hiyo valvu, usiitafute.

Usilinganishe na rafiki yako wa Dar pia. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Gari lile lile likipanda huku lazima lifungue valvu zaidi kidogo.

Na tafadhali, acheni kupandisha sailensi kwa bisibisi kwenye skrubu ya throto! Ile imepangwa kiwandani. Ukiikaza, throto haifungi tena ipasavyo, na boksi inaweza isijue kwamba umeondoa mguu. Injini inaanza kupanda na kushuka yenyewe, kisha mnasema kontroli boksi imeungua. Nimeirudisha skrubu hiyo mara nyingi kuliko nilivyobadilisha valvu.

Kabla hujaja, soma hivi. Injini iwe imepata moto, joto la maji lipite nyuzi 80. Zima kiyoyozi, taa na redio, ondoa mguu, andika namba. Kama betri ilifunguliwa juzi, liendeshe gari kwanza siku mbili tatu, maana kwenye magari mengi boksi inakuwa imesahau ilichojifunza. Kisha washa kiyoyozi, skrini iko mbele yako. Namba inatakiwa iruke papo hapo na mizunguko isidondoke. Ikiruka namba na muungurumo usibadilike hata kidogo, hapo sasa shuku valvu: ifungue, uisafishe pamoja na kiti chake, na usiisukume sindano kwa kidole, utaharibu meno yake. Ikishindikana baada ya hapo, njoo nayo nikutafutie nyingine.