Umefukiza udongo? Usikimbilie yurea

Wakulima wa nyanya kwenye vitalu nyumba wananiuliza sana hili: mtu kafukiza udongo wake (kautia dawa inayogeuka gesi kuua wadudu na magonjwa), kafunika nailoni, kasubiri harufu ikaisha, kapanda miche mizuri kabisa, halafu wiki ya tatu majani kijani kizito, yamejikunja, mche umedumaa. Anaona ni njaa ya mbolea, anamwaga yurea, na hapo ndo anauharibu zaidi.

Iko hivi. Dawa kama metamu sodiamu au dazometi haichagui, inaua minyoo fundo na fangasi wa mnyauko, lakini inaua na bakteria wanaotugeuzia naitrojeni. Kwa kawaida naitrojeni ya samadi au yurea inakuwa kwanza amoniamu, bakteria wanaoitwa Nitrosomonas wanaigeuza naitraiti, wenzao wanaimalizia kuwa naitreti, na naitreti ndo nyanya inaipenda. Sasa hawa wanazaliana polepole mno, kurudi kwao ni wiki nyingi, ila wale wanaoozesha vitu na kutoa amoniamu wanarudi mapema tu, tena vijidudu vilivyokufa navyo vinaoza vinaongeza amoniamu yao, kwa hiyo amoniamu inajaa na hakuna wa kuigeuza. Udongo ukiwa wa baridi au wenye tindikali bakteria hao wanachelewa zaidi kurudi. Hata enzi za methili bromaidi, dawa ya zamani ya kufukiza, kabla Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, haijaiondoa (nchi tajiri 2005, sisi nchi zinazoendelea 2015), ilikuwa hivi hivi.

Mzizi ukijaa amoniamu unashindwa kuchukua kalsiamu, magnesiamu na potasiamu vizuri. Ndo unakuta matunda ya kwanza yanaoza kitako na kalsiamu ipo tele kwenye udongo! Umwagiliaji wa kuruka ruka nao unaleta kuoza kitako, kwa hiyo angalia na hilo. Inaniuma sana kwa sababu mkulima kalipa dawa, kalipa na mbolea iliyomuumiza.

Ninachoshauri, wiki za mwanzo tumia kalsiamu naitreti, kidogo kidogo kwenye dripu. CAN (kalsiamu amoniamu naitreti) ni afadhali kuliko yurea maana nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tayari, ila nusu iliyobaki ni amoniamu ileile. Samadi mbichi acha kabisa. Mboji iliyoiva vizuri weka, baada ya gesi kuisha, inarudisha wale bakteria. Na ukipeleka udongo maabara waambie wakupimie amoniamu peke yake na naitreti peke yake, maana wakikupa naitrojeni ya jumla utaona ipo ya kutosha, na bado nyanya zako zitadumaa.