Impresionizimu: Mtindo Uliozaliwa na Tyubu ya Rangi, Reli na Kukataliwa

Watu wengi wanaotazama kwa mara ya kwanza picha za wachoraji wa Ufaransa wa miaka ya 1870 huziona kama kazi zilizoachwa njiani: alama za brashi zinaonekana waziwazi, watu hawana macho wala midomo, na maji ya mto ni vipande vya rangi visivyoungana. Wahakiki wengi wa Paris nao walisema hivyohivyo wakati ule. Hata hivyo, mtindo huo uitwao Impresionizimu haukutokana na uvivu wala upungufu wa ufundi, bali ulitokana na mabadiliko halisi ya vifaa, usafiri na elimu ya rangi, na anayeyafahamu mabadiliko hayo huanza kuzitazama picha hizo kwa jicho jingine.

Katika Ufaransa ya karne ya 19, mchoraji aliyetaka kuishi kwa kazi ya mikono yake alihitaji kukubaliwa katika Salon, maonyesho makuu ya Paris yaliyofuata vigezo vya Chuo cha Sanaa. Majaji walithamini zaidi masimulizi ya historia, ya dini na ya visasili vya Wagiriki na Warumi, na walitaka uso wa picha uwe laini, usionyeshe mahali brashi ilipopita. Mwaka 1863 Mfalme Napoleon III alinunua picha ya Alexandre Cabanel ya kuzaliwa kwa mungu wa kike Venus, ambaye ngozi yake ni nyororo kama kaure. Mwaka huohuo majaji walikataa kazi nyingi mno hata malalamiko yakamfikia mfalme, naye akaamuru kwamba zilizokataliwa zionyeshwe peke yake. Umati ulifurika, na wengi walikwenda kuicheka picha ya Édouard Manet yenye mwanamke uchi aliyeketi majanini pamoja na wanaume waliovaa mavazi ya mjini.

Wakati huo kazi ya uchoraji yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilika. Zamani rangi za mafuta zilisagwa chumbani mwa mchoraji na kuhifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka upesi na kuziacha zikauke. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani aliyeishi London, John Goffe Rand, alisajili hataza ya tyubu ya bati inayofungwa kwa kifuniko. Kuanzia hapo mtu aliweza kubeba rangi zake hadi kando ya mto na kuimaliza picha papo hapo, jambo ambalo awali lilikuwa gumu sana. Reli nayo ilikuwa imefika miji ya Rouen mwaka 1843 na Le Havre mwaka 1847, na Argenteuil, alikoishi mchoraji Claude Monet kuanzia mwaka 1871 hadi 1878, palikuwa mwendo mfupi tu wa treni kutoka Paris.

Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha, lilitoka katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia nyuzi rangi, alipokea malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda hicho ilikuwa hafifu. Alipochunguza aligundua kwamba rangi haikuwa na kasoro yoyote. Ilionekana hafifu kwa sababu ya nyuzi zilizowekwa kando yake. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilieleza jinsi rangi mbili jirani zinavyobadilishana sura machoni mwetu, na maarifa hayo yalienea miongoni mwa wachoraji. Ndiyo maana kivuli katika picha za Monet mara nyingi hakichorwi kwa nyeusi, bali kwa buluu au zambarau kando ya manjano ya jua.

Tarehe 15 Aprili 1874 wasanii wapatao 30 walifungua maonyesho yao wenyewe, bila majaji, katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar huko Boulevard des Capucines. Mmoja wao alikuwa Berthe Morisot, aliyeleta picha ya dada yake akimtazama mtoto mchanga kitandani, katika enzi ambayo chuo rasmi cha sanaa cha Paris hakikupokea wanawake. Picha ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, iitwayo Impression, soleil levant, ndiyo iliyompa mhakiki Louis Leroy jina la kuwakejeli wote. Ni picha ndogo, sentimita 48 kwa 63, yenye ukungu wa buluu na kijivu, mitumbwi miwili mitatu na jua la rangi ya chungwa linalong'aa. Igeuze nakala yake iwe nyeusi na nyeupe katika simu yako, na jua hilo karibu litapotea, kwa kuwa mwanga wake unakaribia kulingana na wa mawingu yanayolizunguka; mng'ao wote tunaouona unatokana na chungwa kukaa kando ya buluu.

Kundi hilo lilifanya maonyesho manane hadi mwaka 1886, na Camille Pissarro pekee ndiye aliyeshiriki yote. Katika yale ya mwisho ndiye aliyesisitiza kwamba kijana Georges Seurat akaribishwe pamoja na turubai yake kubwa, yenye upana wa takriban mita tatu, iliyojengwa kwa nukta ndogo za rangi zilizopangwa kwa hesabu. Monet na mwenzake wa kundi hilo, Renoir, hawakushiriki maonyesho hayo ya mwisho.