Malkia, Jeneza na Chumvi ya Francisco Pradilla

Wengi wameiona picha hii bila kumjua aliyeichora, Mhispania Francisco Pradilla: mwanamke mjamzito, kavaa nguo nyeusi za ujane, kasimama uwandani upepo ukivuma, macho hayabanduki kwenye jeneza la mumewe. Ni Malkia Juana wa Hispania, aliyebandikwa jina la Mwendawazimu. Turubai hilo la mwaka 1877, lenye upana wa mita 5, liko Makumbusho ya Prado, Madrid, na watu wamelizoea hata wanalichukua kama ushahidi.

Dhana: Pradilla alichora mambo yalivyotokea.

Mume wa Juana, Felipe, alifariki Burgos Septemba 1506. Pradilla alizaliwa karibu na Zaragoza mwaka 1848, na picha aliichorea Roma, alikokuwa akisomeshwa kwa fedha za serikali ya Hispania. Kisa alikitoa kwenye maandishi. Inasimuliwa kwamba msafara wa kupeleka maiti Granada, kusini mwa Hispania, ikazikwe huko, ulipoingia kwenye nyumba ya watawa, Juana alidhani ni ya wanaume. Alipojua ni ya wanawake, wivu ukampanda, akaamuru jeneza litolewe nje likalazwe uwandani, baridi na yote.

Lakini kisa hicho ni cha safari ya kutoka kijiji cha Torquemada kwenda kijiji cha Hornillos, na hukohuko Torquemada, Januari 1507, Juana alikuwa ameshajifungua binti, Catalina. Tumbo tunaloliona basi limetiwa chumvi. Sidhani ni uzembe. Mtu aliyekumbuka kumvisha mjane pete mbili za ndoa, akachora alama za magurudumu kwenye tope, moshi uliolazwa na upepo na wajakazi waliochoka kusubiri, hakushindwa kuhesabu miezi. Alitaka tuumie zaidi. Na alifanikiwa: mwaka 1878 picha ilimpatia Medali ya Heshima kwenye maonyesho ya taifa, na nyingine Paris.

Dhana: Juana alimfikisha mumewe Granada.

Hakufika. Mwaka 1509 baba yake, Fernando, alimfungia katika mji wa Tordesillas, na jeneza likawekwa huko katika monasteri ya Santa Clara. Felipe alipelekwa Granada mwaka 1525. Juana alibaki kifungoni hadi alipofariki mwaka 1555. Wazimu wake wanahistoria wanaubishania hadi leo, na wana sababu: baba, kisha mwanawe Carlos, walitawala yeye akiwa ndani.

Dhana: picha ya Pradilla ya kusalimu amri kwa Granada haina upande.

Abu Abdillah, mfalme Mwislamu wa Granada, aliukabidhi mji kwa watawala Wakristo wa Hispania Januari 2, 1492. Picha iliagizwa na Seneti ya Hispania mwaka 1878, ikakamilika 1882, na ingali katika jengo la Seneti. Mwagizaji alitaka kuusifu umoja wa Hispania, kwa hiyo washindi wamepambwa kwelikweli. Hata hivyo Abu Abdillah anakuja na ufunguo akiwa juu ya farasi wake, hajapigishwa magoti. Heshima hiyo kwa aliyeshindwa naona imeiokoa picha.

Dhana: Pradilla hakuchora kingine ila historia.

Wavumao baharini papa. Alianza ujanani kwa kusaidia kuchora mapazia ya jukwaa Zaragoza, na baadaye alichora sana mandhari na maisha ya watu wa kawaida wa Italia na Galicia, mara nyingi kwenye picha ndogo. Aliongoza Prado kuanzia 1896, mchoro mmoja wa Murillo, mchoraji wa kale wa Hispania, ukaibwa chini ya uongozi wake, na mwaka 1898 akauacha ukurugenzi. Alichora hadi uzeeni, akafariki Madrid mwaka 1921.