Gia ya Beetle inacheza? Usikimbilie kushusha giaboksi

Mzee mmoja alinijia na Volkswagen Beetle yake akiwa amekata tamaa. Mkono wa gia ulikuwa unazunguka kama mwiko kwenye uji: akitafuta namba mbili anakutana na rivasi, na gari likishika mwendo kunatoka mlio wa kutetemeka chini ya mkono wake. Gereji aliyotoka walimwambia giaboksi imekwisha. Kumbe kilichokwisha ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

Ili uelewe, kumbuka injini na giaboksi za gari hili ziko nyuma, wewe umekaa mbele. Kati yenu kuna fimbo ndefu ya chuma inayopita ndani ya lile tuta la katikati ya sakafu. Mkono wa gia unasukuma fimbo, fimbo inaamrisha giaboksi. Mbele fimbo inapita kwenye bushi, ile pete ndogo ya plastiki inayoishikilia isicheze. Nyuma imeungwa na giaboksi kwa kaplingi, yaani kiungo chenye raba. Basi ulegevu una makao matatu: chini ya mkono wenyewe, kwenye bushi, au kwenye kaplingi.

Mimi huanzia nyuma kwa sababu ni rahisi kuona. Toa kiti cha nyuma, lakini angalia betri, iko papo hapo chini ya kiti. Chomoa waya wa hasi kwanza. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, moto unawaka, na si hadithi za kutishana. Mwisho wa tuta kuna kifuniko kidogo kilichoshikwa na skrubu. Kifungue, mulika tochi, kisha mwambie mtu akuchezeshee gia taratibu. Fimbo ikizunguka kwanza na upande wa giaboksi ukafuata kwa kuchelewa, raba za kaplingi zimeliwa. Mkono ukicheza na fimbo ikatulia tuli, rudi mbele. Na ule mlio unaokoma ukishika mkono wa gia? Mara nyingi ni bushi.

Mkono wenyewe umeshikwa na bolti mbili, spana namba 13. Chini yake utakuta springi na kibati chembamba kinachozuia rivasi isiingie mpaka ubonyeze mkono chini. Kabla hujakigusa, kipige picha au kitie alama ya kalamu. Ukikirudisha kinyume, utatafuta rivasi jioni nzima, au itaingia yenyewe bila kubonyezwa, na hilo ndilo baya zaidi. Safisha grisi ya zamani yote. Huwa imegeuka udongo. Kama kichwa cha duara cha mkono kimelika upande mmoja, badilisha. Grisi haijazi chuma kilichopotea.

Bushi ndiyo kazi ya uvumilivu. Kata waya wa usalama kwenye kaplingi, fungua skrubu yenye kichwa cha mraba, achanisha, halafu sogeza fimbo kwa plaizi kupitia tundu la mkono wa gia mpaka itoke kwenye kishikio cha bushi. Ya zamani utaitoa vipande vipande, kama iko. Ya yule mzee haikuwepo kabisa. Fimbo ilikuwa inagonga chuma kitupu. Mpya niliiloweka kwenye maji ya moto ilainike, nikaisukuma kwa kidole gumba pamoja na kipete chake cha waya, nikapaka grisi ya kutosha. Vidole vitachubuka, hilo lihesabu. Wapo wanaochonga bushi kwa raba ya tairi. Inakaa wiki kadhaa, halafu unarudi palepale.

Wakati wa kurudisha kaplingi, ncha ya ile skrubu lazima iingie kwenye kishimo chake. Ikikaa pembeni kidogo, utakosa gia upande mmoja na utadhani umeharibu kitu. Funga waya mpya wa usalama. Kisha ingiza namba mbili, weka mkono wa gia mahali unapojitegemea bila kubanwa, kaza bolti, jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa.

Kama gia inaruka yenyewe ukiachia mafuta mteremkoni, na bushi na kaplingi ni mpya, hapo sasa shauri liko ndani ya giaboksi, au raba zinazoishikilia kwenye chasisi zimechoka. Raba hizo zikague kwanza.

Gari hili halikuundwa legelege. Mwaka 1962 Fjastad na Schmider walishinda mbio za magari za East African Safari kwa Volkswagen 1200, yaani Beetle hii hii, kwenye barabara za vumbi na tope zilizowashinda wengi. Mzee alipojaribu namba mbili ikaingia kwa mlio mmoja mkavu, alizima gari, akaliwasha tena, akaingiza tena. Nikamwacha acheze nayo, mimi nikaenda kunawa grisi.