"Nipate mtaji tu, mbona natoka!" Dhana potofu kuhusu mtaji na matajiri

Nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza, wengi wao watu wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Mteja mpya akishakaa tu, kabla hajatoa daftari (kama analo), ananiambia shida yake ni moja: mtaji. Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mpaka nikaona bora niandike, ili anayekuja kesho tuanzie mbele kidogo.

"Shida yangu ni mtaji tu"

Hapana. Mara nyingi mtaji unao, ila unaula.

Tuseme mama ananunua dagaa wakavu Ukerewe na kuwauza Mwaloni kwa wanaopeleka Kongo. Ana shilingi milioni 2. Mzunguko wake ni wiki mbili. Anauza kwa 2,300,000, anatoa 120,000 ya magunia, usafiri, vibarua na ushuru. Faida inabaki 180,000, yaani asilimia 9. Si haba hata kidogo. Lakini nyumbani inatoka 15,000 kila siku: mboga, nauli za watoto, vocha, michango ya msiba. Kwa siku 14 hiyo ni 210,000. Kila mzunguko anapungukiwa 30,000 na hajui, kwa sababu pesa ya mzigo na pesa ya nyumbani zinakaa mkoba mmoja, na mkoba haujawahi kuwa mtupu. Mizunguko kumi ikipita, 300,000 imeliwa. Magunia yamepungua, anasema biashara imekuwa ngumu, anaanza kuulizia mkopo.

Na hapo nimempigia hesabu ya kipindi kizuri. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika mpaka "giza" lirudi, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi. Siku hizo mtaji umelala ila watoto wanakula kama kawaida. Masika nayo mvua ikiwakuta dagaa mchangani, mzigo unaoza, na kilichokuwa chakula cha watu kinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana nawasumbua wateja wanunue dagaa walioanikwa kwenye chanja hata kama bei imezidi kidogo. Wananiitikia "sawa, mwalimu", kisha wanaenda kununua wa mchangani.

Sasa mwongezee huyo mama kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ya asilimia 20 kwa mwezi. Mizunguko yake miwili inampa asilimia 18. Amekula hasara kabla hajanunua hata chumvi ya nyumbani! Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hizi taasisi ndogo za mikopo, ila watu wanamkimbilia anayetoa pesa leo leo bila maswali. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Ina usumbufu wake, vikao na fomu haviishi. Vumilieni fomu.

Wapo wanaokosa mtaji kweli, siwakatai. Injini ya mtumbwi hainunuliwi nusu, na hakuna kubana matumizi kutakakoileta mwezi huu. Hao nawatambua mapema, kwa sababu daftari lao linaonyesha kila mzunguko kuna kitu kinabaki. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea pesa inazaa. Huyu mwingine ukimpa milioni 4, baada ya muda mfupi nyumbani kunatoka 30,000 kwa siku.

Dawa yangu wote wanaijua na hawaipendi: nunua kaunta buku, jilipe mshahara, usiguse kingine. Mama yule akijilipa 10,000 kwa siku, kila mzunguko 40,000 inabaki kwenye mzigo. Ni kujibana? Ndiyo. Na kila giza likiisha, hesabu vyote: taslimu, gunia zilizopo, madeni unayodai na unayodaiwa. Deni la shemeji asiyelipa usilihesabu.

"Yule ana ndagu"

Yaani utajiri wa kichawi, wa mganga. Hili silijibu kwa utani. Kanda yetu ya Ziwa imeona watu wenye ualbino wakiuawa, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa imani kwamba viungo vya binadamu vinaleta utajiri, na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Huyo mwenye maghala matatu mnayemsema ana wateja wa jumla, anakopeshwa mzigo kwa uaminifu, na ana gari lake. Hivyo vyote vinaonekana mchana.

"Mtaji ni mambo ya kibepari, Mwalimu Nyerere aliyakataza"

Wazee hunipa hii, na vijana wa chuo pia, kwa sababu tofauti. Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, mabenki yakataifishwa, na viongozi wakakatazwa hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Masharti hayo ya viongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Genge la nyanya halikutajwa. Hofu ya wazee naielewa lakini: mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalitaifishwa, mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na waliopitia hayo hawapendi hata leo mtu ajue wana nini.

Wanachosahau ni pamba. Miaka ya 1950 wakulima wa huku waliunda shirikisho lao la ushirika lenye makao hapa Mwanza, Paul Bomani akiwa mbele, wakakatwa kidogo kidogo kwenye pamba yao mpaka wakanunua vinu vya kuchambulia. Kama kinu cha pamba si mtaji, sijui ni nini. Ulikuwa wa wengi, basi, na ulihitaji mhasibu vilevile.

"Nina kiwanja Buhongwa, mimi si maskini"

Hongera. MKURABITA, mpango wa Serikali wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ilianzishwa mwaka 2004 ili mali kama hiyo itambulike na iweze kukopewa. Lakini hati ni dhamana tu. Benki itauliza marejesho yatatoka wapi.

"Tajiri ananyonya" na "bila mimi hamna kazi"

Ya kwanza naisikia kwa wavuvi, ya pili kwa wenye mitumbwi (ndio matajiri wao), mara nyingine siku moja. Kwa kawaida mafuta na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi, na ugomvi uko kwenye mgao huo. Karl Marx aliandika kwamba faida ya mwenye mtaji inatokana na kazi ambayo mfanyakazi hakulipwa. Adam Smith, ambaye wengi humdhani mtetezi wa matajiri, alishaonya mwaka 1776 kwamba waajiri hukubaliana chinichini wasipandishe ujira. Mwenye chombo naye ana hoja: nyavu zikiibwa usiku, mvuvi anahamia mtumbwi mwingine, yeye anabaki na deni la nyavu.

Mimi huwaambia waandike kabla giza halijaanza: mafuta yanatolewa kwa bei ipi, nyavu zikipotea nani anabeba, injini ikifa siku tatu wavuvi wanakula nini, na mtu akizama familia yake inapewa nini. Hili la mwisho sijaona tajiri aliyelitaja mwenyewe bila kuulizwa.